Chensoo ya kati kwa mwenye shamba la miti: ununue yako, uchukue kubwa, au umwite mkataji?

Mtu mwenye ekari tatu za paina Mufindi, au safu ya milingoti (mikaratusi) inayozunguka shamba la chai Rungwe, hufika mahali akachoka kumsubiri mkataji. Miti imekomaa, mnunuzi wa magogo ameshatoa neno kwamba gari linapita Alhamisi, na mwenye chensoo, yaani msumeno wa injini, hapatikani kwa simu kwa sababu yuko porini upande wa Kilolo. Hapo ndipo wazo la kununua mashine yako mwenyewe linapoingia. Ukienda dukani Mafinga, Makambako au Mwanjelwa unakuta rafu nzima ya mashine za rangi ya chungwa zinazofanana kwa macho, lakini bei ya moja inanunua nyingine tatu au nne.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa mkulima wa miti wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mashine ya kati, ya cc 45 hadi 60, inafaa kuliko kubwa, ilimradi mnyororo, tupa na vipuri vyake vinapatikana mjini kwako. Na kama hukati miti kila mwaka, usinunue kabisa. Mwite mkataji.

Yako, au ya mkataji?

Mkataji wa kukodi anakuja na mashine, msaidizi na ujuzi. Makubaliano ni ya namna nyingi: wapo wanaolipwa kwa mti, wapo kwa siku, na mara nyingi petroli ni juu ya mwenye shamba. Unapomlipa unalipia zaidi macho na mikono yake kuliko ile chensoo. Mlingoti ulioinamia nyaya za umeme au paa la jirani hauhitaji mashine kali, unahitaji mtu aliyekwisha kuangusha ya aina hiyo mingi. Kwa miti kama hiyo, hata mwenye mashine yake nyumbani amwite mwenye kazi.

Mashine yako inaanza kukulipa kwenye kazi ndogo ndogo zilizotawanyika mwaka mzima. Paina zinahitaji kupunguzwa kabla ya kuvunwa ili zilizobaki zinenepe. Upepo unaangusha mti kwenye njia. Shule ya bweni inataka kuni, jirani anataka mirunda ya kuezekea banda, na nyumbani miwati imejaa ukingoni mwa shamba. Hakuna mkataji anayependa kusafiri kwa bodaboda na mashine begani kuja kukata miti ishirini ya kupunguza, na akija atakutoza kama amekuja kwa mia. Kazi za namna hiyo zikikukuta kila baada ya wiki chache, nunua. Kama una kipande kimoja cha miti ya umri mmoja kinachosubiri kuvunwa chote kwa mkupuo mmoja, mkataji anatosha, na fedha ya mashine ipeleke kwenye miche.

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Kuna mnyororo, tupa, plagi, filta ya hewa, oili ya 2T inayochanganywa na petroli, oili ya mnyororo, na siku ya fundi. Tena chensoo inayokaa bila kazi inaharibika yenyewe: petroli iliyochanganywa ikilala kwenye tenki miezi kadhaa inaacha gundi ndani ya kabureta, na siku unayoihitaji inagoma kuwaka. Ukimaliza msimu, mwaga tenki kisha iache iungurume mpaka izime.

Wengi hununua wakijiambia kwamba wataikodisha irudishe fedha. Inawezekana, lakini iende na mtu unayemwamini. Chensoo iliyoazimwa peke yake inarudi na mnyororo uliogonga mawe, au imetiwa petroli tupu, na petroli tupu inaua injini ndani ya dakika chache kwa sababu oili iliyo kwenye mchanganyiko ndiyo pekee inayolainisha pistoni.

Ya kati au kubwa? Soma kilowati, usiishie kwenye cc

Hizi ni baadhi ya mashine zinazojulikana, uzito ukiwa bila baa (lile bapa la chuma linalobeba mnyororo) na mnyororo wenyewe:

| Mashine | Ujazo (cc) | Nguvu (kW) | Uzito |
|---|---|---|---|
| Stihl MS 250 | 45.4 | 2.3 | kilo 4.6 |
| Stihl MS 261 | 50.2 | 3.0 | karibu kilo 5 |
| Husqvarna 455 Rancher | 55.5 | 2.6 | karibu kilo 6 |
| Stihl MS 382 | 72.2 | 3.9 | zaidi kidogo ya kilo 6 |
| Stihl 070 | zaidi ya 100 | 4.8 | zaidi ya kilo 10 |

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Yenye cc 50 ina nguvu kuliko yenye cc 55, na ni nyepesi. Ya kwanza imeundwa kwa mtu anayekata kila siku, ya pili kwa mwenye shamba. Kwa hiyo muuzaji akikutajia cc peke yake, muulize kilowati na uzito.

Sasa jiulize unakata nini. Paina inayovunwa na wakulima wengi haizidi sentimita 40 kwenye kitako, na baa ya inchi 18 ni sentimita 45. Mashine ya kati inamaliza hapo kwa mkato mmoja, na miti minene kiasi inakatwa kwa kuingia pande mbili. Kwa cc 50 baa ya inchi 16 au 18 ndiyo saizi yake. Ukiifunga ya inchi 22 ili ionekane ya kiume, injini inalemewa na oili haifiki vizuri ncha ya baa.

Uzito nao usiudharau. Kilo moja unayoicheka dukani inakukumbusha saa nane mchana kwenye mteremko wa Kilolo, umeinama, umeshatoa matawi ya mti wa thelathini. Mtu aliyechoka anashusha mkono, ncha ya baa inagusa gogo lililojificha, na ajali nyingi zinatokea hapo.

Anayehitaji kweli cc 70 ni anayekata milingoti mikubwa ya miaka mingi, au anayeishi kwa kazi hiyo. Wengine wanainunua kwa ajili ya kupasulia mbao. Hapo nawasihi wapige hesabu kwanza. Mnyororo unakula karibu milimita 8 kila unapopita kwenye gogo. Ubao wa inchi moja ni milimita 25, maana yake kila mikato mitatu unamwaga ubao mzima chini ukiwa unga. Msumeno wa mkanda unakula milimita 2 hadi 3 tu. Hata dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao kwa msumeno wa duara, pamoja na lawama zake zote, inakupa mbao zilizonyooka kuliko mkono wa mtu. Paina umeitunza zaidi ya miaka kumi na tano, usiimwage kwenye unga ukingoni mwa barabara. Kata magogo kwa chensoo, upasuaji wapelekee wenye mashine zao.

Kupogoa matawi ya paina zilizosimama hakuhitaji chensoo ya saizi yoyote. Chukua msumeno wa mkono wa kupogolea, na usipande ngazi na mashine inayounguruma hata siku moja.

Ya bei nafuu au ya kampuni inayojulikana?

Mashine za Kichina zinazoandikwa 5200 au 5800 zimejaa kila duka la pembejeo, na sitasema hazina maana. Kwa mtu wa kuni za nyumbani anayejua kuitunza, inakata. Vipuri vyake ni rahisi, fundi wa pikipiki anaielewa, na ikifa hasara si kubwa. Udhaifu wake ni kwamba mbili zilizotoka boksi moja hazifanani: moja inadumu misimu, nyingine kamba ya kuwashia inakatika wiki ya kwanza na boli zinalegea kwa mtikisiko. Ukiinunua, kaza boli zote kabla ya kuiwasha, badilisha plagi kwa nzuri, na ule mnyororo uliokuja nayo uwe wa akiba. Nunua mnyororo mzuri peke yake. Badiliko hilo moja linaifanya mashine ya bei ndogo ikate kama ya bei kubwa kwa siku nyingi.

Ya kampuni inayojulikana unailipia mpira wa kuzuia mtikisiko, breki inayoshika kila mara, pampu ya oili isiyokauka, na uhakika kwamba baada ya miaka mitano utapata pistoni yake. Mtikisiko si suala la starehe tu. Wanaokata kila siku kwa mashine zinazotikisa hupata ganzi, na vidole vinakuwa vyeupe kwenye baridi. Baridi ya Juni na Julai Makete na Njombe inaikuza shida hiyo.

Kuna jambo linalowachanganya wanunuzi. Kuona neno China kwenye mashine ya Stihl si ushahidi kwamba ni feki, kwa sababu kampuni hiyo ya Ujerumani ina kiwanda chake Qingdao, na kingine Brazil. Feki utaitambua kwa mengine: namba ya mashine haipo au imebandikwa kwa karatasi, plastiki ina kingo kali, jina limekosewa herufi, na bei ni ndogo mno kuamini. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na aliye tayari kuiwasha mbele yako.

Oili pia inaingia kwenye hesabu. Stihl na Husqvarna zinaelekeza mchanganyiko wa 1 kwa 50 ukitumia oili zao, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ukitumia oili nyingine ya 2T, Stihl inataka 1 kwa 25, ambayo ni mililita 200. Mashine nyingi za bei nafuu nazo zinaandika 1 kwa 25 kwenye kijitabu. Oili ya bei ndogo, basi, unaimwaga mara mbili. Pima kwa chupa yenye alama. Kifuniko cha soda si kipimo.

Kwenye mnyororo wengi wanatia oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Naielewa sababu, ni ya bure. Lakini ina vumbi la chuma linalosaga pampu na mfereji wa baa, na inakurukia usoni na kwenye udongo kutwa nzima. Oili safi ya injini, SAE 30 au 40 ya bei ya kawaida, ni nafuu kuliko baa mpya.

Mwinuko wetu unabadilisha mashine

Jambo hili halimo kwenye maelezo ya wauzaji wa Dar es Salaam, na huku ndilo linaloua injini nyingi. Mafinga na Njombe ziko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini karibu 1,700. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na msaada wa hewa hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ile MS 250 ya kilowati 2.3 ukiwa Njombe inakupa kama 1.9. Kwa hiyo kama unasitasita kati ya cc 45 na cc 50, mwinuko unakuambia chukua 50.

La pili ni kabureta. Mashine iliyowekwa sawa pwani ikifika huku inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata: moshi mzito, plagi nyeusi, mashine inanguruma kwa uzito na haina pumzi kwenye gogo. Fundi anarekebisha skrubu ya H, ile inayopimia petroli injini ikiwa kasi, kidogo kidogo mpaka ikae sawa. Vizuri. Sasa mashine hiyohiyo ichukue ushuke nayo Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni kama mita 500 tu. Kule hewa ni nzito, petroli uliyoipunguza haitoshi, na kwa kuwa oili inasafiri na petroli, pistoni inakosa kulainishwa. Mashine itasikika kali na nyepesi, utafurahi, na kabla ya tenki la pili kuisha pistoni imechunika. Anayetoka Tukuyu kwenda Kyela, au Makambako kwenda kukata Usangu, aifungue skrubu ya H kabla ya kuanza. Zipo mashine mpya zenye kabureta inayojirekebisha, na kwa wakataji wanaozunguka wilaya hadi wilaya zina faida ya kweli. Ila zikiharibika zinahitaji kifaa cha kuzisomea hitilafu, basi uliza kwanza kama wakala wa karibu anacho.

Mnyororo: hapa ndipo mashine zote zinalingana

Weka mnyororo butu kwenye cc 70 na mkali kwenye cc 45, kisha wape watu wawili magogo yanayolingana. Wa cc 45 atamaliza mapema na mgongo wake utakuwa mzima. Tazama kinachotoka chini ya baa: mnyororo mkali unatupa vipande vinene vya mti, mnyororo butu unatoa vumbi laini. Ukiona vumbi, au mashine inakata kwenda upande mmoja, au unalazimika kuikandamiza, simama unoe.

Kunoa kunafanyika porini, juu ya kisiki, kwa tupa ya duara. Mnyororo wa 3/8 unatumia tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea aina, na wa .325 unatumia 4.8. Kaza breki, shika baa isitikisike, anza na jino lililochakaa kuliko yote. Tupa ielekee nyuzi 30, au fuata mstari uliochorwa juu ya jino lenyewe, isukume kutoka ndani kwenda nje, na ikirudi iinue isiguse. Mara mbili au tatu kwa jino zinatosha kama hukugonga jiwe. Hesabu uliyoanza nayo ndiyo ya meno yote, vinginevyo mnyororo utakata kwa kupinda. Baada ya kunoa mara kadhaa, kile kidole cha chuma kilicho mbele ya jino kinabaki juu, na jino hata likiwa kali haliingii kwenye mti. Kishushe kwa tupa bapa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65, na utumie kipimo chake, kwa sababu ukikishusha zaidi mashine inaanza kurusha.

Magogo yanayoburutwa kwenye tope yana mchanga ndani ya magamba, na mchanga unamaliza makali kwa dakika moja. Bandua gamba mahali unapokata, au inua gogo. Paina nayo ina utomvu unaoganda kwenye mnyororo na filta. Safisha jioni mashine ingali na joto, kesho yake utomvu umekuwa mgumu.

Ukienda kununua mnyororo kuna mambo matatu, na yote huwa yamegongwa kwenye baa: nafasi ya meno (3/8 au .325), unene wa jino la chini linaloingia kwenye mfereji (milimita 1.3, 1.5 au 1.6), na idadi ya meno hayo ya chini. Kusema “nipe wa inchi 18” hakutoshi, kwa kuwa baa mbili za inchi 18 zinaweza kuwa na hesabu tofauti. Uliza dukani kabla hujanunua mashine: mnyororo wa hii upo? Na tupa yake? Wakisema mpaka waagize Dar, achana nayo, hata kama ni nzuri.

Gharama ambayo haiwekwi kwenye hesabu

Ukikosa fedha ya kofia yenye wavu na vizuia kelele, buti ngumu na suruali ya kukatia, basi bado huna fedha ya chensoo. Suruali hizo zina nyuzi ndefu ndani ambazo mnyororo ukizigusa zinausonga na kuusimamisha. Kwenye kuchagua mashine, breki ya mnyororo isijadiliwe. Mashine za muundo wa zamani zisizo nayo ziache hata zikiwa na nguvu ya ng'ombe wawili, maana robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa kitu, mashine inarudi kuelekea uso wako haraka kuliko mkono unavyoweza kuizuia. Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, na Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu. Siku chache za mafunzo kwa kijana utakayemkabidhi mashine zina thamani kuliko cc kumi za ziada.

Halafu kuna moto. Kuanzia Agosti mpaka mvua zinyeshe, majani makavu ya paina yanalala chini ya miti yakisubiri cheche, na bomba la moshi la chensoo ni la moto kweli. Usiiweke juu ya majani ikiwa imetoka kazini. Jazia mafuta kwenye udongo mtupu, futa yaliyomwagika, sogea mita tatu ndipo uwashe. Moto ukitoroka hauishii shambani kwako, unaingia kwa jirani aliyesubiri miaka kumi na mitano kama wewe.

Ukiamua kununua iliyotumika

Mtumba wa kampuni nzuri unaweza kushinda mpya ya bei nafuu, ukiukagua. Fungua boli za bomba la moshi, vuta kamba polepole uchungulie pistoni kupitia tundu. Ikiwa laini, endelea. Ikiwa na mikwaruzo ya wima, imeshakaukiwa na oili, na bei ni ya vipuri tu. Rudisha bomba, inua mashine kwa kishikio cha kamba huku swichi imezimwa. Injini yenye mgandamizo mzuri inashuka kwa kusitasita, iliyochoka inaanguka moja kwa moja. Iwashe, iache bila kubonyeza kipandishio cha mafuta: mnyororo usizunguke. Elekeza ncha kwenye kipande cha ubao safi na upandishe mafuta, utaona mstari wa oili ukichoreka. Piga breki, mnyororo usimame papo hapo. Mwisho tazama gia ya mnyororo, mfereji wake ukizidi nusu milimita uiweke kwenye gharama pamoja na mnyororo mpya, kwa sababu gia chakavu inakula mnyororo mpya.

Dai hati ya mauzo yenye namba ya mashine, na kabla hujaingia nayo shambani pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya uulize wanachotaka kuhusu mashine yenyewe, kibali cha kuvuna, na TP, yaani hati ya kusafirishia magogo. Gari likikamatwa kwenye kizuizi bila karatasi, mzigo unalala hapo, na mnunuzi wa Alhamisi hatakusubiri.